Risiti ya Sabuni

Mwaka ule wa 1974, karatasi iliadimika Bwera, mji wetu wa mpakani, kuliko nyama. Chumvi ya Kabatoro dukani kwetu tuliifunga kwa majani ya migomba, na wateja wakanung'unika. Ndipo nikaiona ile risiti kwenye msumari, ya sabuni aliyonunua mume wangu Ezironi kwa muuzaji wa jumla kule Kasese. Karatasi pana, ngumu, yenye muhuri mwekundu: kodi imelipwa. Nikajisemea, kilichokwisha kulipwa kina kesi gani tena? Nikaitumia kufungia chumvi ya Marie-Louise, mkimbizi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekaa nyuma ya soko na watoto wake wawili.

Mwezi uliofuata akaja karani wa kodi ya mauzo na askari wawili. Alitaka kuona kwamba kodi ya ile sabuni ililipwa kule tuliponunua. Ezironi akapapasa msumari, kisha akanitazama. Nikaeleza ukweli mbele ya wote, mjinga mimi, kana kwamba askari hula ukweli.

"Hapana risiti, hapana kodi," karani akasema. "Hii sabuni ni magendo."

Siku zile neno hilo lilitosha kummeza mtu. Wakamchukua Ezironi. Karani akaniambia nilete risiti kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo atapelekwa kambi ya jeshi. Waliopelekwa huko tuliwajua, na hatukuwaona tena.

Nilikimbia kwa Marie-Louise nikitarajia kuambiwa aliitumia kuwashia moto. Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne, safi. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

"Mama Musoki, miye sina karatasi ingine," akasema. "Basoda ba ku bariyeri bakiona muhuri, banasema pita. Habajue kusoma."

Mwezi mzima alikuwa akipita kizuizi cha askari, njia ya soko la Mpondwe, na maharage yake kwa risiti ya sabuni. Nikamwahidi nitairudisha jioni ileile. Niliahidi nikijua kabisa kwamba makarani hawarudishi karatasi.

Akaikunjua, akaikunja tena, akaninyoshea. "Bwana yako iko baba ya batoto," akasema. "Kamata."

Ezironi alirudi na jicho limevimba. Risiti ikabaki kwenye faili la karani. Niliiomba, nikapiga na magoti. Akaniuliza ya nini tena, na kodi imekwisha kulipwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko la Mpondwe, na watoto lazima wale. Marie-Louise akajitwika maharage yake akaenda bila karatasi. Walioona wanasema aliulizwa karatasi, kisha akapandishwa lori la jeshi. Nilimtafuta hadi Kasese; hakuna aliyekubali kumjua.

Watoto wake nimewalea mimi. Wananiita mama. Mkubwa huniuliza kwa nini siku ile mama yao hakwenda na karatasi yake, nami humjibu kwamba aliisahau.