Mguu wa Mwanakisima

Kiangazi chote Ruthu alimsomea binti yake Lydia vile vitabu vitatu vya Mwanakisima alivyoazima kwenye darasa lake la jioni la watu wazima. Lydia alikuwa na miaka saba na mguu mmoja uliosinyaa kwa polio. Malkia Mwanakisima naye aliburuta mguu, na majini ya kisimani yalimtii kwa sababu yaliusikia mburuzo wake kabla hajafika.

"Mama, na mimi majini yananisikia nikija?"

"Yanakusikia, mama. Yanasimama kabisa."

Basi ilipotangazwa kuwa hadithi hiyo itaonyeshwa kwenye televisheni, Ruthu aliwaambia watoto wa mtaa wao, uitwao Kikuyu: "Ngojeni. Mtamwona malkia anayetembea kama Lydia." Watoto hao hawakuwa wamewahi kumchezesha.

Jumamosi wakaenda kwa Bi Salha, ambaye mumewe alimletea televisheni serikali iliporuhusu biashara huria. Aliigeuzia dirishani, watu wakajaa uani, watoto mbele kwenye mikeka. Lydia alivaa gauni lake la Krismasi.

Malkia akatokea. Miguu yake ilinyooka kama mabua ya uwele, na alikuwa anakimbia. Lydia akageuka kumtazama mama yake.

"Ataumia baadaye," Ruthu alinong'ona. "Subiri."

Pangoni akatoka mchawi anayekula watoto, udenda unamtoka, anaburuta mguu.

"Lydia huyo!" alipayuka Methusela, mtoto wa jirani. Ua mzima ukaangua kicheko, wakubwa kwa wadogo.

Ruthu akainuka. "Siyo! Kitabuni mguu huo ni wa malkia! Mchawi ndiye mzuri wa sura, hawa wamegeuza..."

"Mama Lydia, kaa, unatuziba," alisema Bi Salha. "Kitabu chako, televisheni yangu. Malkia kiwete, jamani, nani atamtazama? Halafu huyo mwanao msogeze nyuma kidogo. Wadogo wanaogopa."

Mwishoni mchawi akauawa kwa mawe. Waliporudi nyumbani Ruthu akafungua kitabu cha kwanza. Lydia akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Hicho kinadanganya. Mimi nimemwona kwa macho."

Kila Jumapili baada ya kanisa watoto wa mtaa huigiza walichokitazama jana yake, na hugombana sana nani awe nani. Jumapili hiyo Ruthu alirudi kutoka bombani, akakuta Lydia hayupo mlangoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kelele. Akatua ndoo, akaenda.

Watoto walikuwa wamefanya duara, wanarusha madongoa makavu. Katikati, Lydia aliburuta mguu kuliko anavyouburuta siku zote, mdomo wazi, udenda kidevuni, akinguruma. Paji la uso lilikuwa limepasuka na damu imeingia jichoni.

Ruthu akawapangua, akamnyakua mwanawe kifuani. Lydia akajinyonganyonga, akampiga mama yake mabegani kwa ngumi zote mbili.

"Niweke chini, Mama! Leo wamenichezesha! Bado hawajaniua!"