Ndoo Chini ya Mkuyu

Tangu joto la Mei liwaangushe kima kutoka mitini kama mapera mabovu, baba yangu, Eleuterio, hajasikia mngurumo wao alfajiri. Kitanda chake tulikiweka barazani, kikitazama kilima. Figo zimemchoka naye amechoka nazo. Alichokuwa akisubiri ni kima tu.

"Wamepanda juu kwenye ubaridi," alikuwa akisema. "Kesho watashuka."

Mimi sipendi kubahatisha. Kwetu Los Tuxtlas, ukitaka kujua kama kima wapo, muulize dundu. Madundu wa msituni hawahangaiki na mavi ya ng'ombe, hayo ni ya wenzao wa malishoni. Wao wanataka ya kima, yanayonuka majani na tini. Kima wakiwa wengi, madundu hushiba, na ndoo ya mtego yenye chambo cha mavi hulala karibu tupu. Nani ahangaikie tonge moja wakati karamu imetandazwa msitu mzima?

Kwenye friza, chini ya tamale zetu za unga wa mahindi, nilikuwa na kifuko cha mwisho cha mavi ya kima.

"Otilia, ipo siku utanipikia hayo," Baba alinitania.

"Endelea kukataa supu, nikupikie leo."

Nilifukia ndoo mbili chini ya mkuyu, midomo sawa na ardhi. Juu ya moja nilining'iniza mavi ya ng'ombe, juu ya nyingine nusu ya kile kifuko. Asubuhi, ya ng'ombe ilikuwa na dundu mmoja. Ya kima ilijaa pomoni, wamepandiana migongoni, wa chini wameshakufa.

Nikakaa chini, pale pale kwenye matope.

Njia nzima nilijipangia uongo. Mimi, niliyemwambia binti yangu, kabla hajavua viatu vya shule, kwamba mbwa wake amekufa! Lakini akili haikuwepo, ndoo niliibeba mpaka barazani.

"Vipi, wamo wengi?" Baba aliuliza.

"Wachache tu, Baba."

"Hebu nyamaza." Akatega sikio. Kucha za madundu zilikwaruza plastiki kama mvua juu ya bati.

Akageuka kukitazama kilima.

"Yale mavi mengine umeyabakiza?"

"Nusu."

"Wapelekee, mwanangu. Wana njaa."

Nikawapelekea yote chini ya mkuyu, na hao wa ndooni nikawamwaga hapo hapo. Niliporudi, aliniomba nikigeuze kitanda. Nikakigeuza, sasa kinatazama jikoni.