Kadi ya Kuua Mfalme

"Jirani, huyo binti yako anataka kumuua mfalme gani?"

Mke wa askari aliuliza hivyo juzi akianua nguo, kibanio mdomoni, kama anayeulizia bei ya sabuni. Kadi ya binti, iliyoandikwa "kuua mfalme", ilikuwa imepeperushwa na upepo ikatua uani kwake. "Nitakuletea," alisema. Hakuileta. Tangu hapo mama mjane hakupata lepe la usingizi. Yeye anayewaombea watawala kila ibada, leo nyumba yake inafuga mauaji!

Asubuhi alimkabili bintiye, aliyekuwa akipanga kadi za kamusi ndani ya kasha la viatu.

"Mwanangu, ni neno gani hilo?"

"La Kiingereza, mama: regicide. Asili yake Kilatini. Rex ni mfalme. Caedere ni kukata, kuangusha, kuua. Wakayaunganisha. Na katika lugha nyingine zilizolirithi, neno hilohilo ni kitendo, na ndilo mtu aliyekitenda. Sisi bado tunazunguka: kuua mfalme, muuaji wa mfalme. Natafuta letu moja."

"Kwani tuna haja nalo?"

"Mama, hata ugonjwa una jina, na hakuna anayeutaka."

Akacheka, akaenda kuoga. Saa nne angezikabidhi kadi ofisini. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Zisipofika, kibarua kimeota nyasi.

Mama alibaki akilikodolea macho kasha. Kitendo na mtu, neno moja. Na anayelifuga nyumbani, je? Mara buti za askari zikakwaruza kokoto nje. Hakungoja zipite. Alikimbilia jikoni na kasha, akazitia kadi motoni konzi kwa konzi, midomo ikisali.

Buti zikapita, zikaelekea kazini. Kisha hodi. Mke wa askari akaingia, kadi mkononi.

"Jirani, niwie radhi, niliisahau mfukoni. Mzee wangu kaisoma jana, kacheka mpaka kapaliwa. Eti tangu aanze kazi hajawahi kulitia neno pingu!"

Hakuna aliyecheka. Binti alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuvaa, nywele zikichuruzika maji. Alitazama jiko. Akatazama kasha tupu.

"Mwanangu, nilikuwa nakulinda…"

Binti aliipokea ile kadi moja kwa mikono miwili, akailaza ndani ya kasha, akafunika, akavaa viatu, akatoka na kasha kuelekea ofisini.