Meli Iliyogoma Siku ya Harusi ya Reinelde

Dada yangu Reinelde alikuwa ameshavaa shela. Tulikuwa tumeketi kwenye kanisa la mbao, maana lile la mawe liliungua vitani pamoja na sehemu kubwa ya Dunkirk. Padre yupo, wageni wapo, bwana harusi hayupo.

Bwana harusi, Cyriel, alikuwa kwenye kiwanda cha meli. Asubuhi ile walikuwa wanateremsha majini meli ya kwanza kuundwa tangu vita viishe, naye alikuwa miongoni mwa mafundi wa kung'oa magogo yanayoizuia. Aliahidi kuwahi.

Reinelde akainuka. "Mimi sikai hapa kama mzigo uliokosa mwenyewe. Twendeni!"

Tukamkuta Cyriel chini ya meli, suti ya harusi imejaa masizi. Magogo yameng'olewa, chupa ya kuibariki imevunjwa ubavuni mwake, meli haitikisiki. Baridi ya Februari ilikuwa imegandisha mafuta yaliyopakwa kwenye njia yake ya kuteleza. Mhandisi Hennequin alikuwa akitazama bahari kwa wasiwasi. Maji yakishaanza kupwa, basi tena.

"Nataka maji ya moto," akasema. "Mengi! Na boila letu lililipuliwa na Wajerumani."

Cyriel akanigeukia. "Shemeji, kwenu si kuna masufuria ya maji motoni?"

Mama akaruka. "Ya karamu yangu? Thubutu!"

"Mama mkwe, bila meli hakuna kazi. Binti yako atakula nini?"

"Atakula supu yangu, kama hamtaimwaga!"

Lakini yeye ndiye aliyetangulia kukimbia. Kibanda chetu kilikuwa mkabala na lango la kiwanda, tukajipanga mstari, masufuria yakapita mkono kwa mkono na kumwagwa juu ya mafuta yaliyoganda. Padre alikunja kanzu, Reinelde akajifunga shela kiunoni. Mvuke ukatanda, ukinukia vitunguu.

"Nani kamwaga supu?" Mama akafoka.

Meli iliguna, ikasogea kidogo, kisha ikaondoka yote kwa kishindo, na wimbi likaturudia likatulowesha chapachapa. Miaka mingi bandari ile ilikuwa imetuletea vishindo vya mabomu tu. Watu walirusha kofia, wakalia, wakacheka. Mama akambusu mhandisi mdomoni.

Tulirudi kanisani tukichuruzika maji. Padre akamwuliza Cyriel kama anamkubali Reinelde. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kushangilia, akaitikia kwa kichwa tu.

Reinelde akamfinya. "Meli umeipigia kelele, mimi unaninyamazia? Sema!"

Cyriel akajikakamua, akatoa "Ndiyo" yenye mlio kama wa bata. Kanisa zima, na padre pia, likaangua kicheko.