Koti la Marehemu Kuwabara

Kosa lilikuwa la sabuni. Watu wa sinema walimwambia Fumiyo, "Tuletee koti la mumeo la kazini kama lilivyo," naye akaona haya. Nyota kama Shiraki avae jasho la marehemu? Akalifua, akalipiga pasi, akalifunga kwa kitambaa cha hariri.

Sasa Shiraki alikuwa chali kwenye theluji uani kwa Fumiyo, eti askari aliyepigwa risasi, na koti linanukia maua. Genta, mbwa wa polisi aliyelelewa na marehemu nyumbani humo, alitakiwa amkimbilie na kumlalia. Alikimbia, akanusa, akampa mgongo.

"Hata mbwa kajua polisi huyu ni bandia!" akasema jirani, Bi Ohira, na mtaa mzima uliojazana uani na bakuli za supu ukaangua kicheko.

Fumiyo, ambaye siku zote hucheka wa kwanza, safari hii hakucheka. Harufu ya mumewe kaimwaga mtaroni kwa mkono wake. Na kesho Genta naye angeondoka na Hosaka, mkufunzi wa mbwa wa polisi. Fumiyo mwenyewe ndiye aliyemwita. "Mbwa huyu wa mume wangu," alimwambia. "Kwangu anakula tu. Hata kunitazama hanitazami."

Genta alikuja moja kwa moja akakalia viatu vya Fumiyo.

"Skafu hiyo, shemeji," Hosaka akasema, akiitazama shingo ya Fumiyo. "Si ya marehemu?"

Ilikuwa ya marehemu, na haijaguswa na sabuni. Fumiyo akaivua, akamfunga Shiraki shingoni. "Nenda, Genta."

Genta akaenda. Aliinusa skafu kwa muda mrefu, mkia ukitikisika taratibu, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Kisha akarudi kukalia viatu vilevile.



Mwongozaji wa sinema alimtazama mbwa, akamtazama mwanamke. "Mama, baridi unaiweza?"

"Kwa nini?"

"Vua aproni. Vaa koti."

Ndivyo Fumiyo alivyojikuta kifudifudi kwenye theluji, kofia ya polisi imefunika mvi zake.

"Shoga, usikorome tu!" Bi Ohira akapaza sauti.

Akasikia miguu ikija mbio, kisha uzito wenye joto ukatua mgongoni.

"Kata!"

Genta hakuondoka. Fumiyo naye hakuinuka.

"Hosaka," alisema, mdomo karibu na theluji, "kesho usije." Akafikiri kidogo. "Au njoo, lakini kwa chai tu."