Mshiriki Namba Saba

Siku ya kumi na tisa bila kuoga, bibi alihamia benchi la mwisho karibu na dirisha, ili harufu yake itoke nje kabla haijawafikia wenzake. Haikusaidia. Harufu haina adabu, haingoji kukaribishwa.

"Namba Saba, leo umetia fora," alisema bibi wa kitanda cha jirani, asiye na jino wala haya. "Hata nzi wanapiga chafya."

Bibi alicheka. Angefanyaje?

Jina hilo aliletewa na utafiti. Miezi minne nyuma alikuja binti mmoja mwenye sauti laini, anauliza wazee wa makabila madogo wanaishije katika nyumba za kulelea wazee. Akamsomea karatasi: jina lako halitaandikwa, utaitwa Mshiriki Namba Saba, sema bila hofu. Bibi akasema. Anayemwogesha ni kijana wa kiume, rika la mjukuu wake, na kwa watu wa kwao, mwanamume kuuona uchi wa mama ni kumzika angali hai. Hakuomba makubwa. Aliomba mwanamke.

Ripoti ikaja. Jina halikuwamo, kweli. Yalikuwamo kabila, umri na malalamiko. Na mtu wa kabila hilo humo ndani alikuwa yeye tu; huhitaji tochi kumtafuta.

Matroni, msimamizi wa nyumba hiyo ya wazee, aliisoma kwa sauti wakati wa chakula, wazee wa kiume wakisikiliza, vijiko vimesimama.

"Mwenzetu hataki mhudumu wa kiume. Wa kike sina, sijaletewa. Basi tuheshimu mila zake. Asiguswe."

Hakuguswa. Magoti yake yalikuwa yamekataa kuinama, mikono imekataa ndoo, na jirani naye ni wa kuogeshwa.

Asubuhi hiyo ya kumi na tisa, simu ililia ofisini: mtafiti yuko njiani. Matroni akaja mbio na taulo jipya. Nyuma yake, kijana na ndoo ya maji moto.

"Nilishasema sitaki..."

"Mama, mila zako kazifuate kwako," Matroni alimkatiza. "Haya, kwako ni wapi?"

Bibi alikaza gauni kifuani. Wanawe aliwazika wote wawili, na nyumba ilikwenda na wa mwisho.

"Nisamehe, bibi," kijana alinong'ona. "Mimi natumwa tu."

Bibi akafumba macho. Akafumba na mdomo.

Mtafiti alimkuta kitini, gauni limenyooshwa, ananukia sabuni. Matroni alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili mabegani mwa bibi, kama wanaosubiri kupigwa picha ya familia.

"Una hiari ya kukataa swali lolote, bibi," mtafiti alisoma.

"Hiari hiyo ni ya maswali tu?"

Mtafiti akacheka. Matroni akacheka zaidi, vidole vikikaza. "Huyu bibi ana utani, we acha tu!"

"Mara ile ulilalamikia kuogeshwa. Sasa hali ikoje?"

Bibi alitazama mlangoni. Kijana alikuwa akikunjua mikono ya shati, bado imelowa.

"Leo nimeoga," alisema.

Mtafiti aliandika: *huduma imeboreka*. Kisha akageuza karatasi, akamwonyesha Matroni mahali pa shahidi. Matroni akasaini kwa mkono mmoja. Wa pili hakuuondoa begani.