Anayepinga Anyanyue Mkoba

Brigedia mstaafu alizisimamisha risasi mbili mezani, kando ya bakuli la sukari, kama wachumba wanaosubiri kupigwa picha. Moja ilikuwa ndefu na imenona. Ya pili ilikuwa nyembamba, fupi, ya kutia huruma.

"Hii," alisema akiigusa kubwa, "ni risasi. Na hii ni kifungo cha shati."

Binti yake, koplo wa askari wa miguu aliyerudi nyumbani jana kutoka mazishini, aliacha kutafuna.

"Toeni hivyo vitu mezani," mama alisema. "Watu wanakula."

"Hazilipuki zenyewe, mke wangu."

"Hata wewe huwa unasema hulipuki."

Brigedia alikuwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kuchagua Risasi, chombo kitukufu chenye wajumbe saba na vitambi sita. Kitambi cha saba kilikuwa cha kwake lakini alikivuta ndani. Kesho Kamati ingepiga kura, na risasi itakayoshinda ndiyo jeshi zima lingebeba. Kikosi cha Koplo kilikuwa cha kwanza kwenye foleni ya kupelekwa mpakani nayo.

Tena kikosi hicho kilikuwa kimeshaijaribu ile kubwa. Ndiyo maana Koplo alitoka mazishini.

Aliyezikwa walimwita Chumvi, kwa sababu kambi bila yeye ilikuwa chapwa. Siku walipovamiwa, kila askari alikuwa na magazini chache tu za risasi, maana risasi nene hujaza shanta upesi na mgongo wa binadamu ni uleule mmoja. Bunduki nayo ilipiga teke kama punda aliyetukanwa: risasi ya kwanza kwa adui, ya pili kwa ndege wa angani. Nyuma ya ukuta mfupi Chumvi alipapasa mkoba wake, akamgeukia Koplo na kuuliza, "Zimekwisha?" kama mtu aliyechelewa mikate dukani. Jibu lilitoka upande wa pili wa ukuta.

"Nimesoma taarifa," Brigedia alisema, akiwa ameshusha sauti. "Kijana alipigana hadi risasi ya mwisho."

"Hadi ya mwisho, ndiyo. Shida ni iliyofuata, baba. Haikuwepo."

"Usinifundishe vita, binti yangu. Nililala mtaroni nikiangalia wenzangu wanapigwa kutoka kilimani, na bunduki zetu hazifiki. Hazifiki! Unajua ni kitu gani, kumwona anayewaua na risasi yako inaangukia njiani?"

Koplo alijua baba haongopi. Hilo lilizidi kumkasirisha, kwa sababu mwongo angalau unaweza kumzomea.

"Kwa hiyo unapigana na kilima kile mpaka leo," alisema. "Na sisi ndio tunabeba. Hii umeibeba wewe? Siyo kuishika. Kuibeba."

"Nimebeba silaha kabla hujazaliwa."

"Nimeuliza hii."

Brigedia alijimiminia chai, akakoroga muda mrefu kikombe ambacho hakukitia sukari.

Asubuhi Kamati ilipanda basi dogo kuelekea uwanja wa shabaha, ulioko juu ya kilima nyuma ya kambi. Mpango ulikuwa mzuri: viti vyenye mito, hema la kivuli, matikiti maji ya kutobolewa, kisha kura. Koplo, aliyepangwa kuwa mlengaji, aliwasubiri mlangoni mwa basi na mikoba saba.

"Sampuli zenu, waheshimiwa," alisema na kupiga saluti.

Mjumbe wa kamati hakatai mkoba. Waliipokea kwa mikono miwili, wakashangaa kidogo uzito wake, wakaiweka miguuni. Ndani mlikuwa na magazini zilizojaa risasi kubwa: mzigo kamili wa askari mmoja, bila kuongezwa hata chembe. Koplo alitaka haki itendeke, na alitaka iume.

Chini kabisa ya kilima basi lilikohoa na kunyamaza. Dereva alifungua boneti, akatazama ndani kwa majonzi makubwa. Ni yeye aliyeendesha gari lililobeba jeneza la Chumvi.

"Limegoma, afande."

"Basi tutembee," alisema Mhasibu wa Kamati. "Mikoba tuiache humu."

Koplo aligeuka taratibu kumtazama baba yake. Brigedia ndiye aliyetunga, enzi zake, amri ambayo kila kuruta huimbishwa: aliyepokea risasi hukaa nazo mwilini mpaka azirudishe, haziachi garini, hampi dereva.

Brigedia alimtazama binti yake. Akamtazama dereva, ambaye sasa alikuwa akiipangusa boneti kwa unyenyekevu wa kutisha. Akaelewa kila kitu.

"Begani," alisema. "Twendeni."

Kamati Kuu ilikwea kilima. Tai zilianza kulegea kwenye kona ya kwanza. Kwenye ya pili mjumbe mwenye koti la vifungo vya dhahabu alivaa koti kichwani.

"Koplo, hii njia inapanda mpaka wapi?"

"Mpaka juu, mheshimiwa."

"Huyu msichana ana dharau," Mhasibu alihema.

"Ana pumzi," alijibu mwenzake.

Halafu nyasi za kando ya njia zikaanza kulia: puf. Kimya. Puf. Mjumbe mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mwingine alijitenga kwenda haja ndogo na akarudi mwepesi kuliko haja ndogo inavyoweza kumfanya mtu. Koplo aliyasikia yote. Hapo ndipo hasira, ambayo hadi dakika ile alikuwa akiichezea, iliacha mchezo. Chumvi alivuja damu mabegani kwa mikanda ileile na hakutupa hata moja.

Juu, wajumbe walijitupa kwenye mito na kudai maji. Mikoba ililala imenywea. Wa Brigedia peke yake ulikuwa umejaa, na shati lake lilikuwa na alama nyekundu pale mkanda ulipopita.

"Hakuna maji bado," Koplo alisema, na safari hii hakupiga saluti. Alinyoosha kidole kwenye tuta, kwenye safu ndefu ya matikiti. "Adui wale pale. Wameshawaona. Nani anaanza?"

"Mwenyekiti, huyu mtoto wako..."

"Lete bunduki," alisema Brigedia.

Alilala chini kama alivyofundishwa ujanani, ila kifua kilikuwa kinapanda na kushuka na mtutu ukapanda na kushuka nacho. Risasi ya kwanza ilipita juu. Ya pili ilipita juu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilipasua tikiti likaruka vipande vipande, na Kamati ikapiga makofi, kwani ilikuwa imejifunza kupenda mlio na maji mekundu. Brigedia hakugeuka. Alibadili magazini, akafyatua, akabadili tena. Bega lilipigwa teke mpaka akaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Wapigaji makofi walinyamaza. Mwishowe bunduki ilisema tik. Brigedia aliingiza mkono mkobani, akapapasa pembe zote, akatazama tuta lililojaa matikiti mazima.

"Zimekwisha?" aliuliza.

"Hivyo hivyo," Koplo alisema. "Chumvi aliuliza hivyo hivyo."

Brigedia alibaki amelala kifudifudi. Alipoinuka alikuwa na vumbi kidevuni, na hakulifuta.

"Koplo. Umeharibu gari la jeshi na umeigeuza Kamati kichekesho. Uko chini ya ulinzi."

"Ndiyo, afande."

"Ninyi," aliwageukia wajumbe, "mtashuka mkaokote kila mlichotupa, na sitaki kuona mtu anafunga viatu. Lakini kwanza kura. Jeshi litabeba ile ndogo. Anayepinga anyanyue mkoba wake, aushike juu mpaka nimalize kumsikiliza."

Mhasibu aligusa mkanda. Akaufikiria. Akauachia.

"Imepita," alisema Brigedia.

Walirudi kambini kwa miguu, Koplo mbele, anapelekwa mahabusu, na baba yake nyuma na mkoba wa magazini tupu na bunduki. Alikuwa akichechemea. Baba alisubiri neno, Koplo alikusikia kule kusubiri mgongoni mwake, lile neno moja dogo ambalo hata mpita njia humpa mtu aliyebeba mzigo. Pole. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Koplo.

Alilimeza, akaongeza hatua.